Ile mashine ya Kongowea ilipima nini hasa?

"Assalaam aleykum, Mhandisi. Nina matatu mbili za dizeli, zinafanya Likoni hadi Ukunda. Wiki iliyopita pale Kongowea, Mombasa, nilimkuta kijana na mashine ndogo ya mota: pete ya chuma inazunguka, na mkono wa wenzo unakandamiza kipande cha chuma juu yake. Akatia oili mpya ya kawaida, akatundika mawe ya mizani, mashine ikalia, ikakwama, chuma kikatoka na kovu la kutisha. Akaongeza matone ya dawa yake, akatundika mawe mara tatu zaidi, mashine ikazunguka kimya na kovu likawa kama punje ya mtama. Anasema dawa hiyo huweka ganda la kauri ndani ya injini, kama ile rangi ya dhahabu kwenye biti za drili, na halitoki hadi kilomita 100,000. Dizeli nayo itapungua kwa asilimia 20. Chupa ni shilingi 2,500 na kila injini yataka chupa mbili. Fundi wangu anasema ni utapeli, lakini mimi nimeona kwa macho yangu. Gari moja limeshatembea sana na limeanza kula oili. Je, nitie? Na mimi mwenye gari nitajuaje kama injini yangu inalika au hailiki?"

Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo linalokukera: macho yako hayakukudanganya. Kovu kubwa lilikuwa kubwa kweli, na dogo lilikuwa dogo kweli. Fundi wako akisema utapeli, nafikiri anashuku mchezo wa mkono. Mara nyingi mchezo haupo, wala hauhitajiki. Mashine ile hujibu swali moja, tena kwa uaminifu kabisa. Ila swali lenyewe injini yako haijawahi kuulizwa.

Mimi ninayo mashine ya namna hiyo. Niliiunda mwenyewe kwa mota niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Kuna siku vijana ninaowafundisha walinibishia kama unavyombishia fundi wako. Nikasafisha kila kitu, na badala ya oili nikamimina jiki, hii hii ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikabeba mawe mengi kuliko oili mpya ya injini. Darasa likanyamaza. Nikawauliza nani atakwenda kuimimina jiki kwenye gari la baba yake, hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi jiki imeishindaje oili? Ukilielewa hilo, la kijana wa Kongowea utalielewa bila kuambiwa na mtu.

Chuma hata kikisuguliwa hadi ukajiona uso, chini ya hadubini ni vilima na mabonde. Chukua mbuzi mbili za kukunia nazi, zigeuze zitazamane meno kwa meno, uziegemeze. Hivyo ndivyo vyuma viwili vinavyogusana: kwa ncha chache, si kwa eneo lote unaloliona. Mfaransa Guillaume Amontons aliandika mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata mzigo, haufuati ukubwa wa eneo, na jambo hilo lilibaki kitendawili hadi karne ya 20, Bowden na Tabor wa Cambridge walipoonyesha kwamba eneo la kweli ni la ncha tu. Mzigo ukizidi, ncha hubonyea na nyingine hujiunga. Pale kwenye ncha chuma hushikana na chuma mithili ya kuchomelewa, kisha hung'oka. Kule kung'oka ndiko kulika.

Oili inazuia hilo kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya, na uchanganyaji huo ndio mtaji wa muuzaji.

Njia ya kwanza ni kuvifanya vyuma vielee. Mapema miaka ya 1880 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za mabehewa ya reli. Akatoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Oili haikuingia, ilitoka! Akaziba kwa kizibo cha koki, kikaruka. Akagongomea kijiti, nacho kikaruka. Ndipo akatambua kwamba ekseli inapozunguka hujivutia oili chini yake na kujipandisha juu ya utando wenye shinikizo kubwa, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaliandikia hesabu jambo hilo. Umewahi kuendesha siku ya masika, barabara imejaa maji, ukahisi gurudumu limeacha lami? Ni jambo lilelile, isipokuwa kwenye gari ni balaa na kwenye beringi ni neema. Utando huo ni wa mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Lakini vyuma havigusani hata kidogo. Namba ya msuguano, yaani nguvu ya kuvuta ukiigawa kwa mzigo, hushuka hadi 0.01 au hata 0.001. Chuma kikavu juu ya chuma ni karibu 0.6 na zaidi.

Njia ya pili ni ya kikemia, nayo ni ya dharura. Pistoni inapofika juu kabisa na kusimama kabla ya kurudi, au kamshafti, shafti inayofungua vali, inapomkanyaga tapeti kwa pua yake, au asubuhi unapowasha gari lililolala, utando hukatika na ncha zikakutana. Hapo mzungumzaji ni dawa iliyoyeyushwa ndani ya oili kiwandani. Iliyo maarufu zaidi ni ya zinki, fosforasi na salfa, nayo imetumika tangu miaka ya 1940. Kwa joto na msuguano, dawa hiyo hujijengea juu ya chuma ganda jembamba sana, kama mikroni 0.1, linalokubali kulika ili chuma kisilike, kisha hujijenga tena. Hali hiyo ya kugusana nusu ina namba ya msuguano ya karibu 0.1. Mjerumani Richard Stribeck ndiye aliyechora mwaka 1902 jinsi msuguano unavyoshuka kasi inapopanda, kutoka kugusana hadi kuelea, na baada ya kuelea unavyoanza kupanda tena polepole kwa sababu oili nayo hukataa kukatwa. Usiusahau huo mpando wa mwisho. Nitaurudia kwenye habari ya dizeli.

Sasa rudi kwenye mashine ya kijana. Tuseme ametundika kilo 4, na wenzo wake unazidisha mara 10. Kilo 40 zimekaa juu ya kipande cha duara kinachogusa pete kwa nukta tu. Nukta hiyo ikiwa na eneo la sehemu mbili ya kumi ya milimita ya mraba, kila milimita ya mraba imebebeshwa kilo 200. Beringi za krankishafti yako, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hata dizeli inapolipuka, hubeba kilo chache kwa milimita ya mraba, kwa sababu mzigo umetandazwa. Pua ya kamshafti hubeba zaidi, makumi ya kilo, na bado haijaifikia mashine ile. Kwenye nukta ya namna hiyo hakuna kuelea. Sifa ambayo ndiyo kazi kubwa ya oili yako, ile ya Tower, imezimwa kabla mchezo haujaanza. Kinachopimwa ni kitu kimoja: kemia ipi hushambulia chuma haraka zaidi.

Na klorini hushambulia haraka kuliko zote. Dawa nyingi za maonyesho hutegemea mafuta yenye klorini. Joto la nukta ile huifungua klorini, ikaungana na chuma, ikazaa kloridi ya chuma, kitu laini kinachoteleza. Jiki yangu ilifanya vivyo hivyo. Msuguano unashuka kweli, kovu linabaki dogo kweli, kwa sababu chuma kinatafunwa taratibu na kemikali badala ya kung'olewa kwa nguvu. Ila klorini hiyo ikikutana na maji huzaa asidi ya haidrokloriki. Na maji yako wapi? Yako ndani ya injini yako, kila usiku. Hewa ya pwani hii wewe waijua. Kufuli la mlango laota kutu kwa msimu mmoja. Injini ikipoa, mvuke huganda ndani ya kava na kuteremkia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiweka klorini humo umeweka asidi juu ya beringi za shaba na risasi, nazo hazina pa kukimbilia.

Sijui chupa ile ina nini na simsingizii kijana. Muulize karatasi ya usalama ya bidhaa. Mwenye bidhaa halali huwa nayo. Ukiona humo parafini zenye klorini, basi maneno yamekwisha.

Nije kwenye ganda la kauri, maana hapo ndipo maneno yake yanapopotosha kabisa. Ganda gumu juu ya chuma lipo, na ni ufundi mkubwa. Ile rangi ya dhahabu kwenye biti ni nitridi ya titani. Lakini tazama inavyowekwa: biti husafishwa hadi isibaki alama ya kidole, huingizwa kwenye chemba iliyonyonywa hewa yote, hupashwa joto la nyuzi mia kadhaa, kisha titani hugeuzwa mvuke na kupigwa juu yake ikichanganyika na naitrojeni. Hutoka na ganda la mikroni mbili tatu, lenye ugumu wa zaidi ya 2,000 kwa kipimo cha Vickers, ilhali chuma cha gololi ya beringi ni 700 au 800. Hata kromu ngumu ya fito za hidroliki, yenye ugumu wa 800 hadi 1,000, huwekwa kwa umeme ndani ya birika la kemikali, juu ya chuma kilichosafishwa kama chombo cha upasuaji.

Wazee wetu wa Mji wa Kale walilijua hili bila hadubini. Jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa kome na mwani, likaachwa likauke, ndipo likapakwa deheni chini, shahamu iliyopondwa pamoja na chokaa. Hakuna aliyewahi kupaka deheni huku jahazi liko safarini kwenda Lamu. Sasa huyu anakuambia atapaka kauri ndani ya injini inayozunguka, iliyojaa masizi, sabuni za oili na oili yenyewe, kwa joto la oili la nyuzi 90 au 100. Wapi! Kinachoweza kujijenga katika hali hiyo ni ganda la kikemia la muda kama lile la zinki, ambalo linaishi maadamu dawa ingali ndani ya oili. Ukimwaga oili, umelimwaga.

Tena nafasi juu ya chuma ni moja. Dawa ya zinki iliyopimwa na kupangwa na watengenezaji wa oili inagombea uso uleule na dawa ya Kongowea. Mgeni akishinda kiti, hatuna hakika amekaa kwa faida ya nani.

Nisikufanye udhani vipimo vidogo vyote ni vya mazingaombwe, maana ni riziki yangu. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya sindano, ile inayoisukuma dizeli yenyewe kwenye injini, na dizeli iliyoondolewa salfa hupoteza sehemu ya ulainishaji wake. Maabara hupima hivi: gololi ya milimita 6 husuguliwa juu ya bamba ndani ya dizeli, mwendo wa milimita 1, mara 50 kwa sekunde, nyuzi 60, dakika 75. Kisha kovu hupimwa chini ya hadubini, na kiwango cha Ulaya kinasema lisizidi mikroni 460. Ni kamashine kadogo tu, lakini mzigo, mwendo na joto vilichaguliwa baada ya kulinganishwa na pampu zilizolika kweli. Hapo ndipo kipimo kinapopata heshima yake.

Kwa oili na grisi kuna kipimo cha gololi nne: tatu zimefungwa zisitikisike, ya nne inazunguka juu yake mizunguko 1,200 kwa dakika, mzigo kilo 40, nyuzi 75, saa nzima. Kwa maganda magumu kuna pini inayokandamizwa juu ya sahani inayozunguka, na kuna ncha ya almasi inayokokotwa juu ya ganda mzigo ukiongezwa hadi ganda libanduke. Kipimo hiki cha kukwangua ndicho ningekitaka kwa mtu yeyote anayeniuzia ganda. Ganda linaweza kuwa gumu kama almasi na likabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa, kisha vipande vyake vikawa mchanga ndani ya beringi.

Na kuna hesabu ya kovu ambayo watu wengi, hata mafundi, huwapita. Kovu la duara juu ya gololi ukiliona limekuwa pana mara mbili, usidhani chuma kilicholika ni mara mbili. Ni mara 16, kwa sababu upana unaongezeka na kina kinaongezeka pamoja nao. Kovu la milimita 0.4 kwenye gololi ya milimita 12.7 ni takriban 0.0002 ya milimita mjazo; la 0.8 ni takriban 0.003. Kwa hesabu hiyo dawa ya kijana inaonekana bora hata kuliko alivyosema mwenyewe! Nakupa haki yake. Lakini kovu linapopanuka, mzigo uleule unakaa juu ya eneo kubwa zaidi na shinikizo linaporomoka, kwa hiyo mwisho wa jaribio si hali ya mwanzo wake. Mawe yakitundikwa kwa ghafla kwenye oili ya kwanza na taratibu kwenye ya pili, umeshapata mshindi kabla hujawasha mota. Maabara hurudia jaribio mara kadhaa, na makovu mawili ya gololi nne yakitofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita hatuyahesabu kuwa tofauti. Yeye alikurudilia mara ngapi?

J. F. Archard aliweka mwaka 1953 kanuni ambayo bado tunaitumia: chuma kinacholika huongezeka kadiri ya mzigo na umbali wa kusuguana, hupungua kadiri kilivyo kigumu, kisha huzidishwa kwa namba ya hali. Namba hiyo ya hali, kati ya chuma kikavu na chuma kilichoelea vizuri, hutofautiana mara maelfu, hata mamilioni. Ugumu ukiupandisha mara tatu kwa ganda, umepata tatu. Utando ukiulinda, yaani oili safi, ya uzito unaofaa, filta nzima, vumbi lisiingie, umepata maelfu. Kwa hiyo mimi pesa yangu ningeitia kwenye kichujio cha hewa kabla ya ganda lolote.

Asilimia 20 za dizeli tusizipotezee muda. Ule mpando wa mwisho wa Stribeck unakuambia kwamba sehemu kubwa ya msuguano wa injini iliyokwisha kupata moto ni oili kukatwa, utando ukiwa mzima, vyuma havigusani. Dawa ya kuzuia kugusana haina la kufanya hapo. Oili nyepesi zaidi, pale mtengenezaji wa gari anaporuhusu, huokoa asilimia 1 hadi 3. Marekani, katika miaka ya 1990, tume ya serikali inayowalinda wanunuzi iliwachukulia hatua wauzaji kadhaa wa viongezi vya injini kwa kutangaza faida wasizoweza kuzithibitisha. Wewe mwenyewe upande ule unajua zaidi: kaza hewa ya magurudumu, safisha nozeli, na umwambie dereva asiache injini ikiunguruma stejini Likoni akingoja feri iteremshe watu.

Hapo nikae kidogo, kwa sababu ni jambo la gari lako hasa. Injini ya gari lililosimama inazunguka polepole, utando ni mwembamba, masizi yanaingia kwenye oili, na dashibodi haihesabu kilomita hata moja. Matatu inayongoja abiria saa tatu kwa siku imezeeka kuliko namba zake zinavyosema. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 kama mwenye gari la nyumbani, wewe umechelewa.

Sasa swali lako zuri kuliko yote: utapimaje? Huhitaji mashine ya mawe. Oili yako imeshakuandikia barua, ni kuipeleka tu isomwe. Kampuni kubwa za oili hupimia wateja wenye magari ya biashara oili iliyotumika. Anza kwa kumuuliza msambazaji unayenunua kwake. Na mji huu una bandari: mitambo ya meli husomwa kwa oili kila siku, kwa hiyo usiseme maabara ziko ng'ambo tu. Maabara huichoma oili kwa cheche na kusoma mwanga wa kila metali, kwa sehemu kwa milioni. Chuma husema silinda na krankishafti. Kromu husema ringi, yaani pete za pistoni, alumini husema pistoni, shaba na risasi husema beringi. Silikoni mara nyingi ni vumbi. Sodiamu ni maji ya rejeta yenye dawa, na kwa wenye mashua ni bahari imeingia.

Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayoharibu au kutengeneza kila kitu. Injini iwe moto. Usichukue oili ya kwanza kutoka wala ya mwisho. Chukua ya katikati, mililita 100 hivi, kwenye chupa safi kavu, si chupa ya soda uliyoisuuza. Andika kilomita za oili hiyo na lita ulizoongezea katikati. Usisome sampuli moja kama fali. Chukua tatu, za mabadiliko matatu mfululizo, na gawanya kila namba kwa kilomita. Chuma 40 kwa kilomita 5,000 ni 8 kwa kila elfu. Ikienda 8, 8, 9, lala usingizi. Ikienda 8, 12, 25, usingoje ya nne. Na ukitaka kuijaribu dawa yoyote kwa haki, jaribu hivyo hivyo: gari lilelile, njia ileile, sampuli tatu kabla na tatu baada. Kulinganisha gari la kwanza na la pili haikubaliki, kila injini ina tabia zake.

Ila mashine hiyo ya mwanga ina upofu: haioni chembe zinazozidi mikroni tano hadi kumi. Beringi inayobanduka vipande vikubwa inaweza kukupa namba nzuri na injini ikanoki wiki ijayo. Kwa hiyo filta ya zamani isitupwe. Ikatwe kwa kikatio, si kwa msumeno wa chuma maana msumeno utamwaga vumbi lake, karatasi ifunuliwe juani, sumaku ipitishwe. Masizi meusi ni kawaida. Vipande vinavyomeremeta ukaviona bila miwani, si kawaida.

Gari linalokula oili halihitaji chupa wala, kwa sasa, maabara. Linahitaji fundi aliye na geji ya kompresheni. Kula oili kuna milango kadhaa: ringi zilizolika, ringi zilizonata kwa masizi, mpira wa vali uliokauka, turbo kama ipo. Geji itakuonyesha silinda iliyo chini ya wenzake. Ikiwapo, shuku kwanza ringi, silinda au vali isiyoziba; zote zikiwa sawa, shuku mpira wa vali au turbo. Hakuna dawa inayorudisha chuma kilichokwisha kwenda. Silinda iliyopanuka imepanuka, na huko unahitaji mikromita ya ndani, si mawe.

Ukilazimika kufungua, utaulizwa ringi za kromu au za kawaida. Kromu ni nzuri kwa pwani yenye vumbi na chumvi, lakini silinda iwe ya chuma cha kawaida. Kromu juu ya kromu hushikana na kukwaruzana. Na kilomita za mwanzo, usitie kitu chochote cha kuteleza zaidi. Ringi mpya na mikwaruzo ya msalaba ndani ya silinda vinatakiwa vilane kidogo ili vikae. Ukivinyima msuguano, havikai, na utarudi kula oili na injini mpya. Kama hesabu hairuhusu kufungua mwaka huu, kuongezea nusu lita kila wiki ni uamuzi halali kabisa, maadamu unaandika kiasi na moshi haujawa wa kufukuza abiria. Wengi huona aibu kusema hivyo. Mimi sioni.

Kemia ile ya kishindo ina makao yake: difu. Meno ya difu husuguana kwa shinikizo ambalo utando hauwezi peke yake, na ndiyo maana oili ya difu inanuka vile, ni salfa na fosforasi. Imeshatiwa kiwandani, hudaiwi kuongeza. Na kama una bodaboda au tuktuk nyumbani, chupa ile isikaribie. Klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ikiteleza kupita kiasi klachi nayo huteleza.

Taa ya oili ikiwaka na kubaki, au ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini unaozidi gari linapopanda mlima, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, zima injini hapo hapo, piga simu gari livutwe. Hayo si ya kuniandikia.

Elfu kumi ulizokuwa umtolee kijana kwa magari mawili, zianzie kwenye geji ya kompresheni na sampuli ya kwanza. Na filta ya lile gari bovu, fundi akiitoa, mwambie asiikamue. Aifunge kwenye mfuko kama ilivyo, aandike tarehe na kilomita juu yake, tuifungue pamoja.